Nyuma ya dirisha la zahanati: sista anajibu maswali yenu

Mimi ni muuguzi mkunga, na huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye zahanati moja ya Serikali mkoani Morogoro. Niliwaomba mniulize lolote linalowashangaza au kuwaudhi mnapokuja kutibiwa, na mmeniuliza kwelikweli. Barua nyingi zimekuja na hasira ndani yake. Sikuichuja, nimefupisha tu palipokuwa parefu. Mtu aliyekaa kwenye benchi saa tatu akiwa na mtoto mwenye homa ana haki ya kujua kinachoendelea upande wa pili wa ukuta.

Shikamoo sista. Kibao chenu kinasema mnafungua saa 1:30 asubuhi. Mimi nafika saa 1 kasoro ili niwahi kurudi kwenye biashara, lakini mpaka saa 3 hajaitwa mtu. Nawaona mnapita na ndoo tu. Huwa mnafanya nini? — Muuza vitumbua, Kihonda

Marahaba, mama, na pole kwa vitumbua vinavyolala.

Ndoo ile ni ya klorini. Kila asubuhi mhudumu wetu anachanganya JIK na maji, sehemu 1 ya JIK kwa sehemu 6 za maji, kwa sababu mchanganyiko wa jana umeshaisha nguvu. Bila ndoo hiyo hatuwezi kusafisha kitanda ambacho jana alilala mtu mwenye kidonda. Wakati huohuo mtaalamu wa maabara anakagua vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, na hadubini, mwingine anasoma joto la jokofu la chanjo, na vifaa vya kuzalishia vilivyotumika usiku vinaingizwa kwenye mashine ya kuua vijidudu.

Linalochukua muda zaidi ni kukabidhiana zamu. Muuguzi aliyekesha kazini ananieleza nani amejifungua, damu ilitoka kiasi gani, mtoto amenyonya au hajanyonya, nani anasubiri gari la rufaa. Zamani nilikuwa naona hayo ni ya kumaliza mlangoni. Siku moja nilipokea zamu ya dakika mbili kutoka kwa mwenzangu aliyechoka sana, naye akasahau kuniambia kwamba mzazi wa kitanda cha pili presha yake ilipanda alfajiri. Niligundua saa 4, mama analalamika kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Ni dalili za kuelekea kwenye kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Tulimwahi. Tangu siku hiyo nasimama kando ya kila kitanda nisomewe faili mpaka mwisho, hata kama foleni imefika kwenye mwembe.

Na tupo watano tu: tabibu, ambaye ndiye mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, wauguzi wawili, mtaalamu wa maabara na mhudumu. Aliyekesha akienda kulala tunabaki wanne. Mmoja akiitwa kwenye semina wilayani, watatu.

Kosa letu ni kuwanyamazia. Siku hizi kwetu mmoja anatoka saa 1:30 kamili, anasalimia, anaangalia kama kuna mgonjwa asiyeweza kusubiri, anasema matibabu yataanza saa ngapi na kwa nini. Inachukua dakika tano. Kwenye kituo chako hawafanyi hivyo? Waambie wajumbe wa kamati ya afya. Wamo wanakijiji kama wewe, na hiyo ndiyo kazi yao.

Nilikuwa wa nne kwenye foleni. Akaja mama na mtoto mgongoni, akaingizwa moja kwa moja. Mnajuana naye? — Fundi seremala, Dumila

Inawezekana walijuana, na kama ndivyo, umedhulumiwa na una haki ya kumuuliza mganga mfawidhi palepale. Lakini mara nyingi ni jambo lingine. Mtoto mwenye degedege, aliyelegea au asiyezinduka vizuri, anayetapika kila anachopewa, au aliyeshindwa kunyonya na kunywa, kwetu hapangi foleni. Anaingia akiwa mgongoni mwa mama yake vilevile. Ukiwa kwenye benchi huwezi kuliona hilo, kwa sababu mtoto mgonjwa sana huwa ametulia. Anayelia kwa nguvu hunipa matumaini zaidi. Kwa hiyo ukikaa jirani na mama ambaye mtoto wake yuko kimya mno, tafadhali gonga mlango utuite. Wewe umemwona kabla yetu.

Nilimpeleka kichanga wangu wa siku tano kuchomwa chanjo ya bega, nikaambiwa nirudi Alhamisi. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Chanjo mnayo kwenye friji, kwa nini msimchome? — Mama wa mtoto wa kwanza, Mvomero

Mdogo wangu, nauli hiyo inaniuma hata mimi. Ngoja nikueleze kilichomo ndani ya kichupa.

Chanjo ya BCG, hiyo ya bega, inakuja ikiwa unga mkavu. Tukiufungua tunauchanganya na maji yake maalumu, na kuanzia hapo tuna saa 6 tu. Haina dawa ya kuzuia vijidudu visiote, kwa hiyo saa hizo zikipita ni lazima kumwaga kilichobaki, hata kama ni kichupa karibu kizima. Kichupa kimoja kina dozi 20. Nikikufungulia wewe peke yako, dozi 19 zinaenda shimoni, na mwezi ukiwa nusu naweza kujikuta sina hata moja. Chanjo ya surua na rubela nayo ni unga, nayo ni saa 6, ila kichupa chake kina dozi 10. Ndiyo maana vituo vingi vidogo vinapanga siku ya kuwakusanya watoto. Ile ya matone ya polio na ile ya paja inayozuia magonjwa matano ni za majimaji, zinaweza kukaa siku 28 baada ya kufunguliwa zikitunzwa vizuri, kwa hiyo hizo hatuna sababu ya kumrudishia mtu.

Hata hivyo sikubaliani na waliokurudisha bila maelezo. Kwanza, siku ya BCG ingepaswa kuandikwa kwenye kadi yako kabla hujatoka ulikojifungulia. Pili, BCG humkinga mtoto mchanga dhidi ya kifua kikuu kikali, hasa kile kinachopanda kwenye ubongo, na mama akikata tamaa asirudi, hasara yake ni kubwa kuliko ya dozi 19. Kwetu tumekubaliana hivi: anayetoka mbali, ambaye tunaona hatarudi, tunamfungulia, kisha tunaandika idadi iliyomwagwa na sababu yake. Dozi zilizomwagwa kwa sababu ya namna hiyo zinaelezeka wilayani.

Na hilo jokofu ndilo bosi wa zahanati. Linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Tunalisoma asubuhi na jioni, Jumapili, Idi na Krismasi, na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwake. Watu wanadhani adui ni joto peke yake. Baridi ikizidi ni mbaya vilevile, kwa sababu chanjo ya paja ikiganda inaharibika na ukiitazama kwa macho unaweza usijue. Siku ya mapumziko ukiniona naingia zahanati nimevaa kanga, nimekwenda kusoma kipimajoto.

Nilipimwa kwenu malaria nikaambiwa sina, nikapewa panado. Nikaenda maabara ya mtaani, wakaniambia nina malaria mbili, nikanunua dawa. Mnatumia vipimo vibovu? — Dereva wa bodaboda, Msamvu

Swali hili nimeletewa na watu tisa kwa maneno tofauti, kwa hiyo nitakaa nalo.

Anza na hiyo "malaria mbili". Mtaalamu anapotazama damu kwenye hadubini anahesabu vimelea vya malaria huku akihesabu pia chembe nyeupe za damu. Akifika chembe nyeupe 200 anaangalia ameona vimelea vingapi. Ameona viwili, anaandika 2 juu ya 200. Mtaani namba hiyo ikageuka kuwa aina ya ugonjwa: malaria mbili, malaria tano. Ni hesabu tu. Na vimelea viwili ni vichache mno. Fundi makini atarudia kuangalia kabla ya kuandika, kwa sababu vumbi au rangi iliyogandia kioo vinaweza kumdanganya mtu mwenye haraka. Sikijui kioo chako kilikuwaje na siwezi kuihukumu maabara ile. Ninachojua ni kwamba mara nyingi anayepima ndiye huyohuyo anayeuza dawa, na jibu la "huna" halimwingizii chochote.

Kipimo chetu cha haraka, kile kikanda unachotobolewa kidole, kinatafuta protini inayotolewa na vimelea. Kwa mtu mwenye homa inayotokana na malaria kinakamata vizuri. Kinachotusumbua ni upande wa pili: protini ile hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ndiyo maana mtu amemaliza dozi, amepona, anapima tena baada ya siku kumi anaambiwa bado anayo, anameza dozi nyingine bure. Ukimaliza dawa ukapona, usirudie kikanda. Ukimaliza ukabaki na homa, njoo tukuangalie kwa hadubini.

Basi homa ilitoka wapi? Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliofuatilia watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na hapa mkoani kwetu, Ifakara. Malaria ilikutwa kwa mtoto kama 1 kati ya 10. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wengi wao ni virusi, visivyosikia dawa ya malaria wala amoksilini. Mimi nilikuwa kazini miaka ile na najua tulivyokuwa tukitibu: homa yoyote ni malaria, mpe dawa aende. Bibi zetu walifundishwa hivyo, sisi tukafundishwa hivyo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kwetu kubadilika kumekuwa kazi. Ni vigumu kumwambia mtu anayetetemeka kwamba huna malaria na sina sindano ya kukupa. Anaona umemnyima.

Sikunyimi. Ukipewa panado ukaambiwa urudi baada ya siku mbili homa isiposhuka, rudi kweli. Kurudi huko ni sehemu ya matibabu. Watu wengi hawarudi, wanakwenda dukani, na ugonjwa wenyewe, ambao pengine ni nimonia, unaendelea kukua.

Na ukikutwa nayo kweli, dawa ya mseto imeze yote. Mtu mzima ni vidonge 4 kwa mara 6: sasa hivi, baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Jumla 24. Meza ukiwa umekula chakula chenye mafuta au maziwa, dawa hii huingia mwilini vizuri ikikutana na mafuta. Usibakize vidonge eti utampa mtoto akiugua.

Kwa nini mnaandika muda wote badala ya kutibu? — Mwalimu mstaafu, Kilosa

Shikamoo mwalimu. Ninaandika kwa sababu usipoandikwa, hukutibiwa. Kila mgonjwa wa nje anaingia kwenye kitabu kikubwa cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, mjamzito kwenye chake, mtoto kwenye chake, mzazi kwenye chake, na kila mwanzo wa mwezi tunajumlisha vyote kupeleka wilayani. Kuhara kukianza kuongezeka kitongoji fulani, ni kitabu hicho kitakachotuonyesha kabla kipindupindu hakijatangazwa. Nikiandika kwamba nimetumia dozi 60 za mseto, awamu ijayo naletewa kwa hesabu hiyo.

Ila mwalimu uko sahihi kwamba ni mengi mno. Kliniki ya wajawazito mmoja anaandikwa sehemu tatu, na kuna siku macho yangu yako kwenye mstari badala ya kwenye uso wake. Sasa naanza na uso. Naongea naye kwanza, kalamu ikiwa mfukoni, halafu naandika.

Tuseme ukweli. Dawa zinakuja, mnaziuza. Kwenu naambiwa hakuna, ng'ambo ya barabara zipo. — Mkulima, Turiani

Ukweli ni kwamba wapo walioiba. Kila mfanyakazi wa afya amewahi kusikia kisa, na mimi nimewahi kufanya kazi na mtu wa namna hiyo kabla hajaondolewa. Dawa nyingi za Bohari ya Dawa, ghala la Serikali linalotuletea dawa, zina herufi GOT juu yake, yaani Serikali ya Tanzania. Ukiuziwa dukani dawa yenye herufi hizo, imeibwa, na unapaswa kutoa taarifa.

Lakini wizi hauelezi dirisha tupu la kila siku. Sisi tunahesabu stoo, tunajaza fomu ya taarifa na maombi, inapitia kwa mfamasia wa wilaya, inakwenda Bohari, kisha gari linaleta. Tunaagiza kwa kipindi cha mbele, kwa kubahatisha mvua itakuja na mbu wangapi. Bohari wakikosa wanatupa taarifa kwamba hawana, ndipo tunaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa. Mpango huo ulianzia Dodoma mwaka 2014. Kununua kwa mshitiri kunataka pesa kwenye akaunti ya zahanati, na hapo ndipo penye uchungu. Watoto chini ya miaka 5 na wajawazito wanatibiwa bure, na ni haki yao, nisingetaka kuona hata mmoja anadaiwa. Lakini hao ndio wanaotumia sehemu kubwa ya dawa zetu, na dawa waliyomeza hairudishi shilingi ya kununulia nyingine. Mwenye duka ng'ambo ya barabara akiuza boksi leo, kesho ana pesa ya boksi jipya. Mimi nasubiri.

Jambo ambalo wengi hamlijui ni kwamba boksi la dawa halipaswi kufunguliwa na sisi peke yetu. Wajumbe wa kamati ya afya wanaitwa kushuhudia, wanahesabu, wanasaini. Baba, nenda kwa mjumbe wa kijiji chako umuulize mara ya mwisho alisaini lini na zilikuja dawa gani. Akishindwa kujibu, shida yenu imeanzia hapo. Kwetu tunabandika orodha ya dawa zilizopokelewa kwenye ubao wa nje, na tangu tuanze, maneno ya wizi yamepungua sana.

Ninatumia dawa za VVU. Nesi wa kituoni ni jirani yangu, tunateka maji kisima kimoja. Nikikutana naye na wenzake wakicheka, moyo unaenda mbio. Je, mnatuongelea? — Hakutaka kutaja mahali

Mpendwa, ninaposoma barua yako namkumbuka mama mmoja aliyekuwa anapita vituo viwili vilivyo karibu, akitembea saa mbili kuja kwetu kuchukua dawa zilezile, kwa hofu hiihii.

Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inatukataza kutoa siri ya majibu yako, na anayeitoa anaweza kushtakiwa. Lakini najua sheria haikusindikizi kisimani. Kwa hiyo nikwambie tunavyofanya kazi. Faili lako linakaa kwenye kabati lenye kufuli na linatambulika kwa namba. Tunapojadiliana kuhusu mgonjwa ni kwa sababu ya dawa au vipimo vyake, mlango ukiwa umefungwa. Mimi nikikutana na mteja wangu sokoni simsalimii kwanza. Nasubiri anisalimie yeye, halafu namwitikia kama jirani. Kuna waliodhani nina maringo mpaka nilipowaeleza sababu.

Wako wanaovunja kiapo, siwezi kukuficha. Ukisikia neno lako limetoka kituoni, una njia: mganga mfawidhi, na akikupuuza, mganga mkuu wa wilaya, na baraza letu la wauguzi na wakunga ambalo linaweza kumnyang'anya mtu leseni. Na ukiona huwezi kupumua kwenye kituo hicho, omba uhamisho wa kliniki. Ni karatasi moja tu, na hawapaswi kukuuliza maswali ya kukuaibisha. Ila usikate dawa hata siku moja ukisubiri uhamisho.

Mwanangu alianguka na pikipiki, damu inatoka kichwani, wakasema nilete kwanza PF3. Ni sahihi? — Baba, Gairo

Si sahihi. Fomu ya Polisi namba 3 ni ya ushahidi, na Serikali imelirudia mara nyingi kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Ndugu mmoja anabaki na mgonjwa, mwingine anakwenda polisi. Wahudumu wengine huogopa wakidhani wataitwa mahakamani kwa kumgusa mtu bila fomu. Kinachotakiwa ni kuandika vizuri walichokikuta. Natumaini kijana amepona.

Dada, nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Nimepewa orodha: glovu, pamba, mpira wa kulalia, nyuzi za kitovu, kanga. Si mlisema kujifungua ni bure? Na mama mkwe ananiambia usiku zahanati hakuna mtu, bora nizalie nyumbani. — Turiani

Ni bure kwa mujibu wa sera, na hakuna ruhusa ya kumfukuza mwenye uchungu kwa sababu hana glovu. Ukifika mikono mitupu nitakuzalisha. Orodha ile imetokana na hofu yetu wenyewe, kwamba usiku wako utaangukia kwenye siku ambayo boksi la glovu limeisha na la pili halijaja. Leta unachoweza. Kanga safi mbili kavu usiache, moja ya kumfuta mtoto, moja ya kumfunika. Hizo ni muhimu kuliko unavyodhani, maana mtoto mchanga hupoa haraka.

Kuhusu usiku, mama mkwe wako anasema alichokiona zamani, simlaumu. Nami nikueleze usiku mmoja.

Ilikuwa masika, umeme ulikatika saa 5. Nilikuwa mimi na mhudumu, na mzazi mmoja wa mimba ya tano. Alijifungua salama saa 8, mhudumu akinishikia tochi. Nilimchoma oksitosini, dawa ya kukaza kizazi ili damu isitoke nyingi, uniti 10 za paja, ndani ya dakika moja tangu mtoto atoke, kama inavyotakiwa. Kondo likatoka. Kisha damu ikaja, na haikuwa ile ya kawaida. Tukiona nusu lita tunaita hatari, yeye aliipita nikiwa bado nakanda tumbo. Mkono mmoja ulikuwa unakanda, mwingine unatafuta mshipa wa kuweka dripu, na mhudumu wangu, ambaye kwa karatasi kazi yake ni usafi, alikuwa kwenye simu na watu wa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wazazi na vichanga, namba 115, ambayo hailipiwi. Dereva aliyeandikishwa na mpango huo anakaa kijiji cha tatu. Alifika na gari dogo la abiria, matope mpaka vioo. Nilipanda nyuma na mgonjwa, mkono wangu haukutoka tumboni mwake mpaka tulipofika hospitali na kukuta damu imeandaliwa. Yule mama alipona. Mtoto wake namwona kliniki, amefika kilo 9.

Nimekueleza hayo kwa sababu moja. Angekuwa nyumbani, pasingekuwa na oksitosini, wala dripu, wala anayejua namba ya kupiga. Damu hiyo haitoi onyo mapema, na inaweza kumtokea yeyote, hata aliyezaa salama mara nne. Njoo, mdogo wangu. Na njoo uchungu ukianza, usisubiri chupa ipasuke. Mwambie mumeo aihifadhi 115 kwenye simu yake leo, na mama mkwe aje nawe. Kwetu anaruhusiwa kukaa kando ya kitanda.

Mama yangu ni mhudumu wa usafi kwenye kituo cha afya, yeye ndiye anachoma taka. Nina hofu atachomwa na sindano. — Kidato cha tatu, Kilosa

Mwanangu, una moyo mzuri. Mama yako anafanya kazi ya hatari kuliko yangu, na analipwa kidogo kuliko mimi.

Sindano zinatakiwa ziingie kwenye boksi gumu la sindano mara tu baada ya kutumika, bila kurudishiwa kifuniko, na boksi likifika robo tatu linafungwa kabisa. Akiletewa boksi lililofurika, akatae kulibeba. Avae buti, aproni na glovu nzito za mpira, zile nyembamba za uchunguzi hazizuii sindano. Na aulize kama amechanjwa homa ya ini aina ya B. Ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza. Nimekutana na wahudumu waliofanya kazi miaka 20 hawajachomwa hata moja, kwa sababu waliohesabiwa walikuwa wauguzi na matabibu.

Akichomwa, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue kidonda, na aseme saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU zianze haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72, na zinamezwa siku 28. Wahudumu wengi hunyamaza wakidhani watagombezwa. Mwambie asinyamaze. Hapa kwetu dawa hizo ziko kwenye kabati la chumba cha zamu, na ufunguo anao muuguzi aliye zamu, hata ikiwa saa 9 za usiku.